Betri inayokula hewa ya ukaa: ukiichaji, ile hewa inaenda wapi?

"Mtaalamu habari za kazi. Nimekutana na video inasema kuna betri mpya za metali zinazokula hewa ya ukaa, yaani kadri unavyotumia umeme ndo zinavyosafisha hewa, na zinabeba chaji mara saba ya betri za lithiamu za sasa. Mimi ni mwalimu wa sayansi na pia nipo kwenye mpango wa kununua betri za sola za nyumbani. Je hii kitu ni kweli? Nisubiri hizo au ninunue tu zilizopo? Halafu kuna jamaa anakusanya hela za watu wawekeze kwenye kampuni anayosema inatengeneza betri hizo, anasema zinavuta hewa moja kwa moja kutoka nje na ukizichaji hazitoi gesi yoyote. Na mwisho, wanafunzi wangu wanataka tuijaribu wenyewe, tuchukue lithiamu kutoka kwenye betri za simu zilizokufa tuiweke kwenye chupa yenye hewa ya ukaa ya siki na magadi. Inawezekana?"

Nzuri mwalimu, na asante kwa kuuliza yote kwa pamoja manake yanabebana. Nikikusoma naona una wasiwasi wa aina mbili, hutaki kupitwa na kitu kizuri na hutaki kuliwa hela. Nianze kwa kukutuliza: kemia yenyewe ni ya kweli kabisa, sio uzushi, watu wako nayo maabara zaidi ya miaka 10 sasa. Kilichoharibika kwenye hiyo video ni kwamba wamechukua sifa za betri mbili tofauti wakazibandika kwenye betri moja ambayo haipo. Ukitaka kuzitenganisha shika swali moja tu, ukiichaji hiyo betri, ile hewa iliyoliwa inaenda wapi? Nitarudi hapo mara nyingi, nivumilie.

Kabla ya hapo tuondoe kitu kimoja kinachochanganya watu sana. Kuna kampuni inaitwa Energy Dome ina mtambo kisiwani Sardinia, Italia, uliozinduliwa 2022, na wao wanauita betri ya hewa ya ukaa. Ule hauna uhusiano wowote na tunachoongelea. Wanaishindilia gesi mpaka inakuwa kimiminika wakati umeme upo mwingi, halafu umeme ukihitajika wanaiacha itanuke na kuzungusha tabo, yaani mapanga ya kuzalisha umeme, gesi ni ileile inazunguka humohumo ndani, hailiwi na haigeuki kuwa kitu kingine. Ni teknolojia nzuri tu ila ni ya mitambo na maputo makubwa ya kutunzia gesi, sio kemia. Kwahiyo mtu akikuonyesha picha ya lile puto jeupe kubwa kama ushahidi wa betri ya lithiamu inayokula gesi, ujue yeye mwenyewe hajaelewa anachouza.

Sasa betri yenyewe. Watu wengi wanadhani hewa ya ukaa ndo mafuta ya hii betri, yaani nishati inatoka kwenye gesi. Hapana. Hewa ya ukaa ni kitu kilichokwisha kuungua, nishati yake ilishatoka zamani. Nishati yote iko kwenye metali. Wewe mwalimu nadhani umeshaonyesha darasani ule utepe wa magnesiamu unaowaka, ukiuingiza kwenye chupa yenye hewa ya ukaa hauzimiki, unaendelea kuwaka na unaacha unga mweupe na vidoadoa vyeusi vya kaboni. Betri ya metali na hewa ya ukaa ni ndugu wa jaribio hilohilo, tofauti ni kwamba badala ya kuacha elektroni ziruke zenyewe kutoka kwenye metali kwenda kwenye gesi na kutoa moto, tunazilazimisha zipite kwenye waya kwanza, na huko kwenye waya ndo tunapata kazi yetu. Metali ikiwa lithiamu, upande mmoja inaachia elektroni na kuwa ioni, yaani atomi yenye chaji, ioni zinaogelea kwenye elektroliti, ile dutu ya katikati inayozipitisha, mpaka upande wa pili ambapo kuna kaboni yenye vitundu vingi inayopitisha gesi, na hapo atomi 4 za lithiamu zinakutana na molekuli 3 za hewa ya ukaa, zinatoka molekuli 2 za lithiamu kabonati na atomi 1 ya kaboni. Kwa hesabu za makaratasi inatoa volti 2.8 hivi.

Angalia kitu hapo kwenye hesabu ambacho video hazisemi. Kati ya molekuli 3 za gesi, ni moja tu ndo imegeuzwa kaboni kwelikweli. Zile mbili zimefungwa tu kwenye chumvi, hazijapokea elektroni na kugeuka kitu kingine, zimepewa mahali pa kukaa.

Hiyo "mara saba" nayo ina asili yake, haijatungwa. Ukichukua nishati inayotoka ukaigawanya kwa uzito wa lithiamu na gesi peke yake, unapata karibu wati-saa 1876 kwa kilo. Seli nzuri za lithiamu za sasa, zile za magari na simu, ziko kwenye 250 mpaka 300 kwa kilo. Gawanya, unapata sita au saba, video ikapata kichwa cha habari. Ila hiyo 1876 ni ya dutu mbili tu zikiwa uchi, hakuna ganda, hakuna elektroliti, hakuna kichocheo, hakuna mtungi wa gesi wala vali wala lithiamu ya ziada ambayo lazima uweke manake nyingine inapotea njiani. Ile 250 ni seli nzima unayoishika mkononi. Kulinganisha hizi mbili ni kumpima mmoja akiwa na mizigo yake yote na mwenzake bila hata viatu. Betri halisi ya aina hii ikitoka siku moja inaweza kuwa nyepesi kuliko za sasa, mi sikatai, ila mara saba sahau.

Sasa tufike kwenye kuchaji ambako ndiko kazi ilipo, na ukiuliza mtu yeyote anayefanya utafiti huu atakwambia kutumia chaji ni rahisi, kurudisha ndo balaa. Lithiamu kabonati ni kitu kigumu kuvunjika na haipitishi umeme. Ni binamu wa ile kitu nyeupe inayoganda ndani ya birika la chai, ile ni kalisiamu kabonati, unajua inavyong'ang'ania. Kadri betri inavyotoa umeme, ganda hili linajaa kwenye vile vitundu vya kathodi, yaani ile kaboni ya upande wa pili, linaziba njia ya gesi na njia ya elektroni kwa wakati mmoja. Ukija kuchaji unatakiwa ulivunje lote, na ili livunjike betri nyingi zinadai zaidi ya volti 4. Piga hesabu mwenyewe: unaweka umeme kwa volti 4.2, unautoa kwa volti 2.8 au chini yake, kwahiyo hata kila kitu kikienda sawa theluthi ya umeme wako imepotea kuwa joto. Betri ya sola nyumbani ikikupotezea theluthi kila siku utalia.

Na volti ikipanda hivyo mambo mengine yanaharibika. Kinachotakiwa ni kabonati na kaboni virudi pamoja kuwa lithiamu na hewa ya ukaa, yaani filamu irudi nyuma. Lakini mara nyingi kabonati inavunjika peke yake bila kuishirikisha ile kaboni, na hapo inatoa hewa ya ukaa pamoja na oksijeni ya aina kali sana inayoshambulia elektroliti, huku ile kaboni inabaki imekaa kathodi inajirundika mzunguko baada ya mzunguko. Betri inaonekana inachaji vizuri kwenye mita, kumbe ndani inakula viungo vyake. Ndo maana siku hizi mtafiti makini hakuonyeshi grafu ya volti peke yake, anapima na gesi inayotoka wakati wa kuchaji, aone ni hewa ya ukaa kiasi gani na kama inalingana na elektroni zilizopita. Ukikuta mtu ana grafu za volti tupu bila kipimo cha gesi, kaa nae mbali kidogo.

Wamejaribu nini? Mengi. Mwaka 2011 watafiti wa Toyota kule Japani walichanganya oksijeni na hewa ya ukaa kwenye betri ya lithiamu, 2013 kundi la Lynden Archer pale Cornell, Marekani, wakaonyesha inaweza kutoa umeme kwa hewa ya ukaa tupu hasa ikipata joto, muda mfupi baadae wengine wakaonyesha inaweza kuchajiwa. Tangu hapo mbio zimekuwa za vichocheo, yaani vitu unavyopaka kathodi ili kabonati ivunjike kwa volti ndogo. Rutheniamu inafanya kazi vizuri ila ni metali adimu na ghali. 2019 Chuo Kikuu cha Illinois pale Chicago walitumia molibdenamu na salfa pamoja na elektroliti maalum wakafikisha mizunguko 500, ambayo kwa wakati ule ilikuwa kitu kikubwa kwelikweli. 2025 Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, wakaja na kichocheo cha sesiamu na molibdenamu ambacho hakina metali za bei mbaya, zaidi ya mizunguko 100. Hizo ni hatua za kweli na mi nazishangilia. Ila ujue mizunguko ya maabara mara nyingi inahesabiwa kwa seli ndogo sana inayopewa gesi safi kutoka kwenye mtungi, na hawaitumii chaji yote, wanaikata mapema ili ganda lisiwe nene. Ukisoma "mizunguko 500" kichwani usiweke picha ya betri ya nyumbani iliyojazwa na kumalizwa mara 500.

Haya, sasa swali letu. Tuseme kichocheo kimepatikana, kila kitu kinarudi nyuma vizuri kabisa, betri inachaji na kutumika mara elfu. Ukiichaji, hewa inaenda wapi? Inatoka. Yote. Hiyo ndo maana ya kuchajika kwenye familia hii ya lithiamu, gesi iliyoingia ndo inayotoka, na betri ikiwa bora zaidi ndo inavyorudisha gesi kwa ukamilifu zaidi. Kwahiyo betri kamilifu ya lithiamu na hewa ya ukaa inasafisha hewa kwa kiasi cha sifuri. Inaikopa tu usiku na kuirudisha mchana. Na ukitaka isirudishe, basi kaboni na kabonati vibaki ndani, ambapo kathodi itaziba na betri imekufa, au uitoe na kuweka lithiamu mpya, na hapo sio betri ya kuchaji tena.

Na hata hicho kinachokopwa sio kikubwa hivyo. Nimekupigia hesabu kutoka kwenye ule mlinganyo wa juu ili ukawafanyie wanafunzi ubaoni: uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja, kwa volti 2.8 inashika gramu 440 hivi za hewa ya ukaa. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi. Yaani unahitaji betri za uniti 5 zimalizwe kabisa ili zishike moshi wa lita moja, na kesho ukizichaji zinauachia. Kama mtu ana nia ya kupunguza hewa ya ukaa, faida kubwa ya betri yoyote ni kwamba inakuwezesha kutumia umeme wa jua usiku usiwashe jenereta. Hilo hata betri ya kawaida inafanya, tena leo.

Ila usikate tamaa na wazo zima, manake kuna familia ya pili, na hii mi naiona ina akili zaidi japo haina makelele kama ya kwanza. Ni zile za zinki zinazotumia elektroliti ya maji. Hapa ikitoa umeme, zinki inaachia elektroni na hewa ya ukaa inazipokea upande wa pili inageuka kuwa kitu cha maana, kaboni monoksaidi au asidi ya fomiki kutegemea na kichocheo, vitu ambavyo viwanda vya kemikali vinavitaka. Ukiichaji, haivunji kile kilichotengenezwa, inavunja maji badala yake: oksijeni inatoka, zinki inarudi mahali pake. Umeona tofauti? Gesi iliyoingia hairudi kama ilivyokuwa, inatoka imeshageuzwa na unaichukua kwenye bomba. Hapo jibu la swali letu ni zuri.

Sasa gharama yake. Volti ni ndogo, nyingi ziko chini ya volti 1 zikiwa kazini, na kwasababu kuchaji unavunja maji ambayo ni kazi nzito, umeme unaoingia ni mwingi zaidi ya unaotoka. Ukiitazama kwa macho ya mtu wa betri utasema hii betri mbovu. Ukiitazama kwa macho ya mtu wa kiwanda utasema huu ni mtambo wa kugeuza gesi ambao pia unanirudishia umeme kidogo. Mi nadhani haki yake ni kuitazama kwa macho ya pili. Na kuna kisa kizuri cha kuonyesha kwamba huwezi kuwa na vyote, 2018 watafiti wa China walitengeneza ya zinki yenye kichocheo cha paladiamu ambayo ilikuwa na ufanisi wa karibu asilimia 81, namba nzuri sana kwa aina hii, na siri yake ni nini? Ilikuwa inageuza hewa ya ukaa kuwa asidi ya fomiki ikitumika, na ikichajiwa inaigeuza asidi kurudi hewa ya ukaa. Tumerudi kulekule. Unapata ufanisi kwa kurudisha gesi, au unabaki na bidhaa kwa kulipa umeme.

Kuna na wengine niwapitie haraka. Sodiamu inafanya kama lithiamu, volti 2.35 hivi, na ni rahisi kupatikana, matatizo ni yaleyale. Korea Kusini, chuo cha UNIST, 2018 walitoa ya sodiamu ambayo upande wake wa pili unatumia maji na inatoa haidrojeni, nzuri, ila pale hewa ya ukaa haigeuzwi kaboni, inayeyuka majini inafanya maji kuwa na asidi na kubaki kama baikabonati. Alumini, haohao wa Cornell 2016 waliitumia na msaada wa oksijeni ikatoa oksaleti, kemikali yenye matumizi viwandani, ila ile haikuwa ya kuchaji, unakula alumini ikiisha unaweka nyingine, na alumini hiyo imetengenezwa kiwandani kwa uniti zaidi ya 13 kila kilo. Ndo maana nasema kila ukiambiwa metali fulani inasafisha hewa uliza metali yenyewe ilitoka wapi na ilikula umeme gani. Nishati ya betri ililipwa mapema na aliyeitengeneza metali.

Tumfikie huyo jamaa yako. Anasema inavuta hewa moja kwa moja kutoka nje. Hewa ya nje ina hewa ya ukaa asilimia 0.04 tu, oksijeni asilimia 21, na unyevu juu yake. Lithiamu haitasubiri ile chembe moja ya ukaa wakati imezungukwa na oksijeni mamia ya mara zaidi, na unyevu ukiingia unaila lithiamu yenyewe. Hata tukisema kuna chujio la ajabu linaloruhusu hewa ya ukaa peke yake, zile gramu 440 za uniti moja zimetawanyika kwenye karibu mita za ujazo 580 za hewa, ni kama vyumba 25 vya kulala uvikaushe ukaa yote mpaka mwisho, kwa ajili ya uniti moja. Feni ya kusukuma hiyo hewa nayo inataka umeme. Ndo maana watafiti wanaongelea kuziweka mahali ambapo gesi imeshajaa, mabomba ya moshi ya viwanda vya saruji, mitambo ya kuchachusha, na wanaopenda anga wanataja sayari ya Mars ambako hewa ni asilimia 95 ya gesi hii, japo mgandamizo wa kule haufiki hata asilimia 1 ya wetu kwahiyo nako sio mteremko.

Halafu anasema ukiichaji haitoi gesi yoyote. Sasa unajua cha kumuuliza. Kama ni lithiamu na haitoi gesi, basi kabonati haivunjiki, basi haichaji. Kama ni zinki, itatoa oksijeni, ambayo nayo ni gesi, na lazima aseme inazalisha nini na bidhaa hiyo inatolewaje. Hakuna njia ya tatu ninayoijua mimi. Inawezekana yeye ni muuzaji tu hajui kemia na kampuni nyuma yake iko sawa, siwezi kumhukumu kutoka huku. Ila hela usitoe kabla hujapata karatasi ya vipimo vya maabara isiyo ya kampuni hiyo, yenye ukubwa wa seli, aina ya gesi iliyotumika, mizunguko mingapi na imetumika chaji kiasi gani kila mzunguko, na gesi iliyopimwa wakati wa kuchaji. Ipeleke kwa mtu wa kemia ya umeme chuo kikuu chochote kilicho karibu, nusu saa yake inatosha, na mkataba umpelekee mwanasheria ausome yeye sio wewe. Akikataa kutoa karatasi kwa kisingizio cha siri ya biashara, basi na hela yako ibaki kuwa siri yako.

Kuhusu betri za nyumbani nunua, usisubiri. Nyumbani betri imekaa chini haibebwi, wepesi haukusaidii kitu, unachotaka ni mizunguko mingi, upotevu mdogo na usalama, na hapo lithiamu ya fosfeti, zile zilizoandikwa LiFePO4, zinatoa maelfu ya mizunguko na zinarudisha zaidi ya asilimia 90 ya ulichoweka. Betri za hewa ya ukaa haziko hata karibu na hapo. Ukubwa wa kununua siwezi kukupangia kwa maandishi, ita fundi umeme mwenye leseni apime matumizi yako halisi na aangalie kama inveta uliyonayo inaendana nazo, manake betri nzuri ikikutana na mipangilio ya chaji ya betri za asidi inakufa kabla ya wakati.

Mwisho wanafunzi, na hapa nakuwa mkali kidogo. Msifungue betri za simu. Kwanza hamtapata mnachokitafuta, betri za simu za kuchaji hazina kipande cha lithiamu metali mle ndani, lithiamu iko kama ioni zimejificha kwenye grafiti na kwenye unga wa metali oksaidi. Pili, betri "iliyokufa" mara nyingi bado ina chaji ya kutosha kushika moto ukiichana, na elektroliti yake ikikutana na unyevu wa hewa inatoa gesi ya haidrojeni floraidi inayounguza mapafu. Tatu, hewa ya ukaa ya siki na magadi imejaa mvuke wa maji. Na nne ambalo watu wengi hawalijui, metali hizi zikiwaka mtungi wa kuzimia moto wa hewa ya ukaa hauzimi, mnazidi kuzilisha, si umeona magnesiamu. Mkiwa na betri zilizovimba shuleni zitoeni darasani, zikae mahali pakavu mbali na vitu vinavyowaka mpaka zipelekwe wanapopokea taka za kielektroniki, na mwanafunzi akivuta moshi wa betri mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa, manake kifua kinaweza kuanza kubana masaa kadhaa baadae.

Badala yake fanyeni hii, inafundisha mengi kuliko hiyo mliyopanga. Tafuteni betri ndogo za duara za vifaa vya kusaidia kusikia, zile zenye stika juu. Zile ni za zinki na hewa, ndugu wa karibu wa tunachoongelea, zinapumua oksijeni kupitia vitundu vilivyo chini ya stika. Pimeni volti kabla ya kubandua, bandueni, subirini dakika chache mpime tena, itapanda kuelekea volti 1.4. Kisha unganisheni na rezista ya omu 1000 hivi, iwekeni kwenye chupa iliyojaa hewa ya ukaa mfunike vizuri, nyingine mfano wa hiyo iacheni nje, na muwe mnaandika volti za zote mbili. Ya ndani itaanza kushuka taratibu, itachukua muda, manake oksijeni imekosekana na ile hewa ya ukaa haiwezi kuipokea nafasi hiyo kwenye kathodi ya aina ile, tena inaichafua elektroliti yake ya alkali na kuigeuza kabonati. Waulize kwanini, halafu waulize ungebadilisha nini kwenye kathodi ili ukaa nayo ipokelewe, hapo mtakuwa mmeingia kwenye utafiti wenyewe kwa mlango wa mbele. Zihesabuni kabla na baada ya kipindi, msijaribu kuzichaji manake hazichajiki, na kama kuna mtoto kameza moja usimtapishe wala usisubiri dalili, hospitali saa ileile.